UZI: Pinterest, Reddit, Flipboard na "alamisho 500 kwa bei poa": wasomaji wa tovuti zetu watoke wapi?

FundiWaKatuba · Lubumbashi

Yambo wandugu. Siku hizi napata ujumbe uleule kutoka kwa watu wa hapa Lubumbashi: kuna mtu anauza "alamisho 500" (viungo vya tovuti yako kubandikwa kwenye tovuti za kuhifadhia viungo) au "viungo 1,000 vya SEO" (vya kukupandisha kwenye Google), unamlipa kwa simu, naye anaahidi kwamba tovuti yako itajaa wageni. Nafungua uzi huu ili anayefikiria kutoa franga zake asome kwanza. Mimi nahudumia tovuti ya mishono ya bitenge ya washonaji wa mtaa wetu, kwa hiyo mifano yangu mingi itatoka huko.

Mwombe kwanza muuzaji akutumie majina ya hizo tovuti. Mara nyingi utakuta humo Delicious, StumbleUpon, Google Bookmarks, Digg na siku hizi hata Pocket. Sasa tazama kila moja iko wapi. Delicious ilianza 2003, Yahoo wakainunua 2005, ikapita mikono kadhaa, na mwaka 2017 ikanunuliwa na mshindani wake Pinboard, aliyeifunga isipokee kiungo kipya. StumbleUpon, ile ya kubonyeza kitufe ikakutupa kwenye ukurasa usioujua, eBay waliinunua kwa dola milioni 75 mwaka 2007. Ilifungwa Juni 2018 na watumiaji wakaelekezwa kwenye huduma nyingine iitwayo Mix. Google Bookmarks ilizimwa Septemba 2021. Pocket, iliyoanza 2007 kwa jina la Read It Later na kuingia mikononi mwa Mozilla 2017, ilifungwa tarehe 8 Julai 2025. Digg yenyewe, ambako watu walipigia kura viungo, ilibadilishwa sura Agosti 2010, watumiaji wakakasirika wakahamia kwa wingi Reddit, tovuti ya majadiliano yenye kura, na miaka miwili baadaye ikauzwa kwa bei iliyotangazwa kuwa nusu milioni ya dola tu.

Maana yake, sehemu kubwa ya orodha hiyo ni makaburi. Zinazobaki ni mamia ya tovuti ndogo zinazotumia programu moja, hazina msomaji hata mmoja, humo wanaingia wabandika viungo peke yao. Google walianza kuzipiga tovuti zinazojijaza viungo vya namna hiyo Aprili 2012 kwa mabadiliko waliyoyaita Penguin, na tangu Septemba 2016 kazi hiyo inafanyika muda wote. Siku hizi kwa kawaida hawakuadhibu hata, wanavihesabu viungo hivyo kuwa sifuri. Umelipa, basi.

Lakini sitaki mtu aondoke hapa akidhani jambo lenyewe halina faida. Delicious ilipendwa kwa sababu moja: mtu alihifadhi kiungo kwa ajili yake mwenyewe, akakipa lebo ili akikute kesho, na wengine wakafaidika kwa kuona alichokihifadhi. Hamu hiyo haijafa. Mama anayetaka mshono wa harusi ya binti yake bado anahifadhi. Mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, bado anahifadhi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "niweke kiungo wapi", jiulize ni nani atakayetaka kurudi kwenye ukurasa huu, na lini. Kama huna jibu, hakuna tovuti itakayokusaidia.

Ulizeni, nitajibu nikiwa na umeme.

Kadutu_Net · Bukavu

Aksanti sana yaya. Huyo mtu na mimi amenifikia, hata jana alikuwa ananiuliza nimeamua nini. Niko na swali moja. Anasema hata kama hakuna anayebonyeza, hivyo viungo vinanipandisha kwenye Google. Ni kweli?

FundiWaKatuba · Lubumbashi

Ndugu, hapana. Mwaka 2005 Google walileta alama inayoitwa nofollow. Mwenye tovuti anaiweka kwenye kiungo kuiambia Google: sikidhamini hiki, kimebandikwa na mgeni. Karibu tovuti zote kubwa ambako mtu yeyote anaweza kubandika kiungo ziliiweka, Pinterest (ya kuhifadhi picha zenye viungo) na Reddit zikiwemo. Mwaka 2019 wakalegeza kidogo, wakasema wataichukua kama kidokezo na si amri, lakini usijenge nyumba juu ya kidokezo.

Kwa hiyo kwenye tovuti hizi tafuta jambo moja tu: mtu halisi anayebonyeza. Faida ya Google inakuja kwa njia ya kuzunguka. Mtu anaona makala yako Reddit, ana blogu yake, anaiandikia na kuweka kiungo kwa hiari yake. Hicho ndicho kinachohesabiwa, na hakuna anayeweza kukuuzia.

MamaSambaza · Bukavu

Yambo yenu. Mimi nina tovuti ya mapishi ya kwetu Kivu: sambaza za kukaanga, sombe ya mawese, bugali wa muhogo, maharage. Naandika Kiswahili na Kifaransa. Binti yangu alinifungulia Pinterest, nikaweka picha, lakini hakuna anayekuja kwenye tovuti. Watu wanapenda picha na mambo yanaishia hapo. Nifanye nini, papa? Unieleze polepole, mimi si mtu wa kompyuta.

FundiWaKatuba · Lubumbashi

Mama, shikamoo. Wewe una bahati kuliko wengi humu, maana mapishi na mavazi ndiyo Pinterest inayoyapenda. Ina zaidi ya watu milioni 500 kwa mwezi, wengi wao wanawake, na wanaingia wakiwa wanapanga jambo: chakula cha Jumapili, sherehe, nyumba. Usiichukue kama Facebook. Pale mtu anaandika anachokitafuta, sawa na kwenye Google, ila anajibiwa kwa picha. Ndiyo sababu pini (picha yenye kiungo unayoiweka pale) ya mwaka jana inaweza kuleta wageni leo, wakati posti ya Facebook ya juzi imekwisha.

Anza na akaunti. Igeuze iwe ya biashara, ni bure. Halafu thibitisha tovuti yako: Pinterest watakupa mstari mmoja wa msimbo, binti yako aubandike kwenye kichwa cha tovuti. Ukishafanya hivyo utaona takwimu za kila kinachohifadhiwa kutoka kwenye tovuti yako, hata kilichohifadhiwa na mtu usiyemjua.

Picha iwe wima. Wao wenyewe wanashauri upana wa pikseli 1000 kwa urefu wa 1500. Picha ya kulala inaonekana ndogo kwenye simu na mtu anaipita. Piga karibu na dirisha mchana, sahani ijae, na juu yake weka maneno machache makubwa: "Sambaza za kukaanga, zisizovunjika". Hapo ndipo kosa la picha nyingi za mapishi lilipo, mama. Zinaonyesha chakula kizuri na kila kitu kimekwisha kusemwa, mtu hana sababu ya kubonyeza. Ukimwambia "zisizovunjika", anataka kujua unafanyaje, na jibu liko kwako.

Kiungo cha pini kiende kwenye pishi lenyewe, si kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti. Mtu aliyebonyeza sambaza akikutana na salamu na orodha ya mapishi yote, anarudi alikotoka.

Maelezo ya chini uyaandike kama mtu anavyotafuta. Kwa kuwa una lugha mbili, tengeneza pini mbili za pishi moja, moja ya Kiswahili na moja ya Kifaransa, kila moja na kiungo cha lugha yake. Mtu wa Dar es Salaam haijui sombe kwa jina hilo, anasema kisamvu. Yaweke maneno yote mawili kwenye maelezo. Mbao zako nazo, yaani makundi unayopangia pini, ziwe za jambo moja moja: ubao wa samaki wa ziwani, ubao wa mboga, ubao wa sherehe. Ubao unaoitwa "Mapishi yangu" haumwambii mtu kitu, na Pinterest yenyewe haijui impe nani.

Weka pini kidogo kidogo, moja au mbili kwa siku. Usimwage zote Jumamosi moja kisha ukapotea mwezi mzima. Na tangulia mbele ya wakati. Sisi huku mishono ya Machi 8 tunaanza kuipandisha Januari, kwa sababu wanawake wananunua kitenge mapema na fundi anahitaji siku zake. Ukiweka Machi 6, umechelewa. Kwako nafikiri Krismasi na Mwaka Mpya ni za kuanza Oktoba.

Picha ziwe zako mwenyewe. Hili nalisema kwa nguvu, kwa sababu naona washonaji wengi wanachukua picha za watu wa Lagos na Abidjan wanazibandika kama zao. Mwenye picha akilalamika, pini inaondolewa, na akaunti ikirudia inafungwa. Zaidi ya hapo, mteja akija na picha ambayo hukushona, utamjibu nini?

Ruashi243 · Lubumbashi

Mukubwa, nakuheshimu lakini hapa nabisha. Hao wa Pinterest wengi wako Marekani na Ulaya. Mtu wa Ohio akiona gauni lako la kitenge, atapanda ndege aje Katuba kupimwa? Trafiki bila mteja ni kelele. Mimi nauza vipuri vya moto (pikipiki kwa wasiojua lugha yetu), wateja wangu wako Ruashi, Kampemba, wengine wanatoka Kasumbalesa. Juu ya nini nipoteze mega zangu huko?

Binti_Ixelles · Ubelgiji

Samahani kuingilia, yaya Ruashi. Mimi ni mtoto wa Lubumbashi, naishi Brussels, karibu na Matonge. Ndiye mtu mnayemzungumzia.

Dada yangu anaolewa Lubumbashi. Sisi tulioko huku, mimi na binamu zangu, tulitakiwa tuwe na mshono mmoja na wale wa nyumbani. Tulifungua ubao mmoja wa siri Pinterest, kila mmoja akawa anatupa humo picha. Tulipokubaliana, tukaanza kubonyeza ili tujue nani alishona. Nyingi zilitupeleka kwenye kurasa zilizokufa, au Facebook iliyotaka tujiandikishe kwanza. Chache zilikuwa za fundi halisi, na kati ya hizo moja tu ilikuwa na namba ya WhatsApp juu kabisa, jinsi ya kujipima mwenyewe kwa mchoro, na bei iliyoandikwa. Huyo ndiye tuliyempa kazi. Mama alimpelekea kitenge, sisi tukatuma vipimo.

Kwa hiyo mteja wa mbali yupo. Lakini mwandikie. Mwambie anapimwaje bila kufika, analipaje, nguo inachukua muda gani. Tovuti nyingi za nyumbani zinazungumza na mtu ambaye tayari anajua duka liko wapi. Mimi natafuta namba, sioni, nafunga.

FundiWaKatuba · Lubumbashi

Aksanti dada, umesema yote kwa niaba yangu.

Ruashi, kwa vipuri vya moto uko sawa na nakuunga mkono: usiende Pinterest. Mteja wako ana shida leo, moto imelala barabarani, hahifadhi kitu cha mwezi ujao. Kwako wewe ni Google Maps na WhatsApp, saa za kufungua ziwe sahihi, picha za kila kipuri na namba yake. Uzi huu hausemi kila mtu aende kila mahali.

Mwenye kuishi kwa matangazo kwenye tovuti yeye hesabu yake ni nyingine. Watangazaji wanalipa zaidi kwa msomaji wa Ubelgiji au Kanada kuliko kwa msomaji wa Kongo. Haifurahishi, lakini ndivyo soko lilivyo, na kwa tovuti ya mapishi kama ya mama hapo juu wageni wa mbali ndio wanaolipia hostingi (nafasi ya kuweka tovuti mtandaoni).

Ndosho_Picha · Goma

Jambo wakubwa. Mimi napiga picha na kuandika makala kuhusu Nyiragongo, ziwa na maisha ya hapa Goma juu ya mawe ya lava. Nilisikia Reddit inaweza kuleta watu maelfu kwa siku moja. Nikajaribu kuweka kiungo, kikafutwa dakika ileile, na hakuna aliyenieleza sababu. Nisaidieni.

Mwalimu_Himbi · Goma

Ndugu wa Ndosho, hili niachie mimi, Reddit niko humo miaka mingi.

Reddit ilianzishwa 2005, na jambo la kwanza kuelewa ni kwamba hakuna "Reddit" moja. Kuna jumuiya maelfu kwa maelfu, kila moja ina wasimamizi wake wa kujitolea na kanuni zake zilizoandikwa pembeni. Kuna inayokataza viungo kabisa. Nyingine inapokea picha tu, nyingine inataka akaunti iwe na umri fulani na alama fulani za michango. Kilichokufuta mara nyingi ni roboti ya wasimamizi: akaunti mpya, posti ya kwanza, kiungo cha tovuti isiyojulikana. Haikukuchukia wewe, inafuta hivyo mchana na usiku.

Basi anza kwa kukaa na watu. Kwa mada yako kuna jumuiya ya volkano, r/Volcanoes, kuna za upigaji picha, kuna za Afrika. Soma wiki kadhaa. Mtu anapouliza kuhusu Nyiragongo, mjibu wewe uliyeko hapa. Mweleze kwamba lava yake ni nyepesi inakimbia, kwamba tarehe 17 Januari 2002 iliingia katikati ya mji hadi ziwani, kwamba tarehe 22 Mei 2021 ilitoka tena usiku na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Wageni wanayasoma hayo vitabuni. Wewe unaweza kuonyesha nyumba iliyojengwa kwa mawe hayohayo. Jibu kamili, palepale, bila kiungo. Watu wakikuzoea, siku utakapoweka picha yako na aya tatu za maelezo, weka kiungo mwishoni kwa anayetaka makala yote, kama kanuni zinaruhusu. Ule utaratibu wa zamani wa Reddit unafaa bado: katika michango yako kumi, mmoja tu uwe wa kwako mwenyewe.

Kuhusu kura. Reddit waliwahi kuweka wazi msimbo wao mwaka 2008, na kanuni ya kupanga posti ilionekana: kura 10 za kwanza zilipandisha posti sawa na 90 zilizofuata, na muda ukipita inashuka. Mengi yamebadilika tangu hapo, lakini mwanzo wa posti bado ndio unaoamua. Kwa hiyo weka wakati wasomaji wameamka. New York iko nyuma yetu kwa saa 6 au 7 kutegemea majira, kwa hiyo asubuhi yao ni alasiri yetu ya Goma. Na tafadhali, usiwaombe marafiki wa kwenye kundi la WhatsApp wakupigie kura. Kura zinazotoka pamoja kwenye mtandao mmoja wanaziona, na akaunti inaweza kufungiwa.

Ukiandika Kiswahili, kuna r/swahili. Ni ndogo, na wengi wao wanajifunza lugha, lakini wanasoma kwa bidii. Weka aya fupi za Kiswahili cha kwetu na uwaeleze. Huko nimeona watu wachache wakirudi tena na tena, na kwangu mimi hao ni bora kuliko umati wa siku moja.

FundiWaKatuba · Lubumbashi

Mwalimu, heshima yako. Naongeza jambo moja la kiufundi kwa ndugu wa Ndosho. Umati ukija kweli, hostingi ya bei ya chini inaanguka. Inatokea duniani kote, tovuti inazimika siku ileile iliyopata bahati. Kama tovuti yako imejengwa kwa WordPress, weka programu-jalizi ya kache ili kila ukurasa usitengenezwe upya kwa kila mgeni, na pitisha tovuti kwenye Cloudflare, huduma inayokaa kati na kutoa nakala za faili zako kwa wageni, mpango wao wa bure unatosha kubeba picha. Picha zenyewe zigeuze ziwe WebP, aina ya faili iliyo nyepesi. Mpiga picha anapenda faili kubwa, naelewa, lakini ukurasa wa megabaiti 15 unamfukuza msomaji wa hapa kabla picha ya kwanza haijafunguka. Weka ndogo kwenye makala, na anayetaka kubwa abonyeze.

Kadutu_Net · Bukavu

Wakubwa, haya yote ni mazuri, lakini tuseme jambo lililo mbele ya macho. Hapa Bukavu watu hawahifadhi viungo Pinterest wala Flipboard. Mtu akipenda kitu anakituma kwenye kundi la familia, la kanisa, la darasa. Wengine wanajitumia wenyewe kwenye WhatsApp ili wasikipoteze. Mimi na watu wangu wote ndivyo tunavyofanya. Sasa kwenye takwimu zangu nikifungua naona wageni wengi wameandikwa "direct", kama vile wameandika anwani ya tovuti kwa mkono. Hao ni nani?

FundiWaKatuba · Lubumbashi

Umeligusa lenyewe, ndugu. Hao ni WhatsApp kwa sehemu kubwa. Mtu anapobonyeza kiungo ndani ya WhatsApp, tovuti yako haiambiwi ametoka wapi, kwa hiyo programu ya takwimu inamweka kwenye kapu la wasiojulikana. Mwenye tovuti anaangalia, anadhani juhudi zake hazikuzaa kitu, kumbe makala yake inazunguka Kadutu nzima.

Kwa sisi wa Kongo WhatsApp ndiyo tovuti kubwa ya alamisho. Itendee hivyo. Kiungo chako kikitumwa, kinachoonekana ni kichwa, maneno mawili na picha ndogo. Hivyo vinatoka kwenye alama za Open Graph, mfumo ambao Facebook waliutoa 2010 na kila mtu akaufuata: og:title, og:description, og:image. Programu-jalizi nyingi za SEO zinaziweka zenyewe, lakini wewe ndiye wa kuchagua picha na maneno. Picha iwe pikseli 1200 kwa 630, nyepesi, mimi naibana chini ya kilobaiti 300, kwa sababu ikiwa nzito WhatsApp inaiacha na kiungo kinabaki maandishi matupu ya bluu. Kichwa kiwe kifupi na kiseme ukweli. Kundi la kanisa likidanganywa na kichwa mara moja, anayeaibika ni yule mama aliyekituma, na hatatuma tena cha kwako.

Weka na kitufe cha kutuma WhatsApp mwishoni mwa makala, pale mtu anapomaliza kusoma na bado ana hamu. Juu kabisa, kabla hajasoma, kinakaa bure.

Na alama hizohizo ndizo Pinterest, Reddit na Flipboard wanazozisoma kiungo kinapobandikwa. Ukizipanga vizuri kwa ajili ya kundi la Bukavu, umezipanga kwa ajili ya dunia.

Ndosho_Picha · Goma

Aksanti Mwalimu, aksanti mukubwa. Na Flipboard? Binamu yangu wa Nairobi ananisifia hiyo kila siku.

FundiWaKatuba · Lubumbashi

Kwa picha na safari, inafaa. Ilianza 2010, mtu anakusanya makala kuwa jarida lake na wengine wanalifuata. Fungua jarida la "Kivu na Virunga", weka humo makala nzuri za watu wengine, na za kwako katikati yao. Jarida la mtu anayejisambaza peke yake halifuatwi. Usitegemee mengi zaidi ya hapo. Wageni wake nimewaona wakisoma hadi mwisho, ila ni wachache.

Ningekuambia ushughulike zaidi na Google Discover, ile orodha ya makala inayojitokeza kwenye simu za Android mtu akifungua programu ya Google au ukurasa mpya wa Chrome. Huwezi kujiandikisha wala kuomba. Wanachotaka ni picha yenye upana wa pikseli 1200 au zaidi, na mpangilio wa max-image-preview:large kwenye tovuti ili waruhusiwe kuionyesha kubwa. Wewe ni mpiga picha, hapo una nguvu ambayo wengine hawana. Discover ikianza kukuonyesha vya kutosha, ripoti yake itatokea yenyewe ndani ya Search Console, chombo cha bure cha Google cha takwimu za tovuti yako. Lakini inakuja na kuondoka bila kuaga, kwa hiyo usikope pesa kwa sababu ya wiki moja nzuri.

Ruashi243 · Lubumbashi

Sawa mukubwa, nimekubali kwa upande wangu: nitashughulika na Maps na hiyo picha ya WhatsApp. Viungo vyangu vilikuwa vinatoka bluu tupu, sikujua sababu.

MamaSambaza · Bukavu

Papa Fundi, binti yangu amethibitisha tovuti na ametengeneza pini mbili za sambaza, ya Kiswahili na ya Kifaransa. Anasema ili tujue anayekuja ametoka wapi aliongeza maneno mwishoni mwa kiungo. Cha Pinterest ameandika ?utm_source=Pinterest&utm_medium=social&utm_campaign=sambaza na cha WhatsApp ameandika ?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=Sambaza. Ni vizuri hivyo?

FundiWaKatuba · Lubumbashi

Mama, mpe hongera sana, hata makampuni mengi hapa mjini hayafanyi hivyo. Hii ndiyo inayowatoa watu wa WhatsApp kwenye kapu la "direct": kiungo chenye maneno hayo kikizunguka kwenye makundi, kila anayebonyeza anahesabiwa chini ya whatsapp.

Arekebishe kitu kimoja tu. Herufi kubwa na ndogo zinahesabiwa tofauti, kwa hiyo "Sambaza" na "sambaza" zitatokea kama kampeni mbili. Aandike zote kwa herufi ndogo, Pinterest pia iwe pinterest. Na maneno hayo yawekwe kwenye viungo mnavyovituma nje peke yake. Viungo vya ndani ya tovuti, kutoka pishi moja kwenda jingine, viachwe vitupu, la sivyo aliyetoka Pinterest ataonekana ametoka kwako mwenyewe.

Pini ziacheni zikae hadi mvua zikolee. Zisifutwe hata kama wiki za kwanza ni kimya, Pinterest inachelewa kumjua mtu mpya. Mkipata takwimu za mwezi wa pili ziwekeni hapa, tuangalie pamoja ni pini ipi iliyobonyezwa na ipi iliyopendwa tu.